Dozi ya Mtu wa Kwanza

Bwana Ludovico Abaring aliingia kliniki Jumanne asubuhi na ndoo ya chaza, akaitua juu ya meza ya manesi, akachomoa kisu mfukoni, akamfungua chaza mmoja na kumnyonya palepale mbele ya watu wote waliokuwa kwenye benchi. Hakumwaga hata tone. Watu wakapiga makofi. Miaka mitatu kabla ya hapo, mtu huyohuyo alipitishwa mlango huohuo akiwa ameshikiliwa na shemeji zake wawili, shingo imepinda hadi kidevu kinagusa bega, ulimi unatoka na kurudi bila ruhusa yake.

"Hawa wako, Nesi," alimwambia Rosenie. "Nimewachagua mwenyewe, nimewabeba mwenyewe. Mke wangu alitaka kunisaidia, nikamwambia akae pembeni, asinizibie njia."

"Kumbe umerudi na kiburi chako chote," Rosenie akamjibu. "Dawa yetu haikugusa huko."

Watu wakacheka, na Nesi Rosenie Degala akacheka nao, maana angeonekanaje asingecheka? Lakini rohoni aliona uchungu wa nyongo, akajichukia kwa kuuona. Mtu kapata nafuu, na wewe unamwonea kijicho! Akaichukua ile ndoo akaipeleka jikoni, akasimama huko akijiuma midomo mpaka alipoitwa.

Kijicho chenyewe kilikuwa na sababu. Bwana Ludovico alikuwa mgonjwa wa tano kupewa ile dawa. Wa kwanza alikuwa Jovencio Degala, kaka yake Rosenie wa kuzaliwa tumbo moja, na saa hiyo Jovencio alikuwa nyumbani amekaa kwenye kiti chenye mito pande zote, akimngoja dada yake atoke kazini amlishe.

Hapa Capiz, Ufilipino, ugonjwa huu huitwa lubag, kujipinda, na hauhitaji kutambulishwa kwa mtu. Wanawake huubeba bila kuumwa, wakawarithisha wana wao wa kiume, na hao wakifika miaka thelathini na kitu, arobaini, mwili unaanza kuwageuka. Mama yao Rosenie alimzika kaka yake, akamzika mwanawe wa kwanza, kisha akafa mwenyewe mwaka uleule mkono wa Jovencio ulipoanza kukakamaa. Bora alikufa. Kuona mara ya tatu kungekuwa uonevu.

Jovencio kazi yake ilikuwa kufunga visu kwenye miguu ya majogoo wa kupiganishwa. Ni kazi ya vidole: uzi ukilegea jogoo anakufa, ukikaza mno anachechemea, na mwenye jogoo hakuelewi. Siku vidole vilipomkatalia uwanjani, akajikata kiganja, wenzake walimtania kwamba amekunywa tuba, tembo la mnazi, tangu alfajiri. Hakuwa amekunywa kitu. Baada ya mkono ikaja shingo, baada ya shingo taya. Taya lake likawa linaanguka lenyewe, mdomo unabaki wazi, na akitaka kuzungumza inabidi aume kitaulo kilichokunjwa ili apate kulidhibiti. Mkewe Lorna alikuwa Hong Kong, anapikia watoto wa wenzake. Kumlisha kukawa kazi ya Rosenie, kwa sababu yeye pekee alijua kukishika kidevu kwa kidole gumba na kukipandisha wakati wa kumeza. Jirani alijaribu mara moja, nusura Jovencio apaliwe hadi kufa.

Kisha madaktari wakaja na kirusi. Walikuwa wamekikomba ukali wake wote, wakabakiza ganda tupu, na ndani ya ganda wakapakia maelekezo ambayo ubongo wa mgonjwa uliyakosa. Kazi ya ganda ni kupenya ndani ya chembe za ubongo na kushusha mzigo, basi. Pale kliniki walikiita mchukuzi. Kilifika kutoka ng'ambo ndani ya vichupa vidogo kuliko kidole cha mtoto, kimegandishwa kwa baridi kali, na kilitakiwa kuingizwa taratibu, saa nzima na zaidi, kupitia sindano nyembamba iliyopitishwa kwenye fuvu.

"Yaani nimeumwa miaka yote hii," Jovencio alisema aliposikia, "dawa yenyewe kumbe ni kuambukizwa?"

Fomu ya kukubali ilikuwa na kurasa arobaini na mbili. Rosenie ndiye aliyewasomea wanaume kumi na wawili waliochaguliwa kujaribiwa dawa, kwa lugha yao, ukurasa kwa ukurasa. Alipofika penye maneno "dawa hii hutolewa mara moja tu maishani", wakafurahi wote. Nani anataka kutobolewa kichwa mara mbili? Mmoja akasema hata ubatizo ni mara moja. Rosenie naye akatabasamu, akafungua ukurasa uliofuata. Huko iliandikwa kwa nini ni mara moja: mwili ukishaliona lile ganda hutengeneza kingamwili dhidi yake, na ganda likija tena hupigwa vita. Alilisoma hilo pia, kwa sauti na bila kukosea neno. Lakini hakuna aliyelisikia, na wa kwanza asiyesikia alikuwa msomaji.

Iliandikwa vilevile kwamba wanne wa mwanzo watapewa dozi ndogo, ili ionekane kama dawa ina madhara. Kuanzia wa tano, dozi kamili.

Ili asipendelewe mtu, daktari mkuu, Amelita Vilches, akaamua namba zichotwe mbele ya wote kwenye kopo la biskuti. Kazi ya kuandika na kukunja vikaratasi akapewa Rosenie, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka.

Hapo ndipo alipotenda alilotenda, na tusimhukumu kabla ya kumjua. Rosenie alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa kilipopita kile kimbunga kilichong'oa mapaa ya Capiz yote. Alipanga foleni ya mchele siku tatu mfululizo. Siku zote tatu mchele uliisha kabla ya kumfikia, na siku ya nne lori halikuja kabisa. Ilipokuja chanjo ya ule ugonjwa wa dunia nzima, mambo yakawa hayohayo: wa mbele walichanjwa, wa nyuma waliambiwa warudi wiki ijayo. Kwao, kitu kikiletwa kutoka mbali, kilicho chako ni kile ulichokishika leo. Wageni hufungasha. Fedha za utafiti hukatwa. Dozi ndogo? Ndogo si sawa na kukosa. Alipokunja vikaratasi, namba moja hakuitia koponi. Aliibana katikati ya vidole.

Jovencio alipoitwa, mkono wake ulikuwa umepinda, hauwezi kuingia vizuri kwenye kopo. Rosenie akamsaidia kwa kumshika kifundo. Jovencio akapapasa, akachota, akautoa mkono ukitetemeka. Rosenie akakipokea kikaratasi kutoka kwenye vidole vyake ili amkunjulie, na katika kupokea huko akabadilisha. Aliyowasomea watu ilikuwa namba moja. Kile alichochota Jovencio kwa mkono wake mwenyewe, Rosenie alikichungulia kwa jicho la pembeni kabla ya kukikunja upya na kukirudisha koponi. Kilikuwa na namba tano.

Dakika kumi baadaye Bwana Ludovico akakichota.

Nyumbani kwa Degala walichinja nguruwe. Jovencio, aliyekuwa hajawahi kushinda hata kuku kwenye bahati nasibu ya kanisani, alitaka apelekwe uwanja wa majogoo akawahadithie. Akapelekwa. Akauma kitaulo chake akawaambia wafunga visu wenzake: wanaume kumi na wawili, na mkono uliochota moja ni huu.

Dozi ndogo haikumdhuru. Madaktari walifurahi mno, na walikuwa na haki, kwani ndiyo iliyowafungulia njia. Kwa miezi mitano shingo ilinyooka kidogo, akaweza kulala chali. Kisha ugonjwa ukaendelea na safari yake. Rosenie hakuvunjika moyo. Alijiambia kwamba wakishajua dozi inayofaa, watamwongezea. Watamwacheje mtu wa kwanza?

Jumanne hiyo ya chaza, baada ya wagonjwa kuondoka, Daktari Vilches alimwita ofisini akafunga mlango. Matokeo ya damu ya wale wanne wa mwanzo yalikuwa mezani.

"Kaa, Rosenie."

"Nitasimama tu, Dakta."

"Kingamwili zake ziko juu sana. Za wote wanne. Tulitarajia, lakini ilibidi tupime."

"Tusubiri mwaka. Labda zitashuka."

"Hazishuki. Tukimpa tena, zitaliharibu ganda kabla halijafika popote, na ubongo unaweza kuvimba. Tutamuua."

"Hata akikubali mwenyewe? Akiweka sahihi?"

"Hata akiweka sahihi." Daktari alivua miwani, akayasugua macho yake kwa vidole. "Kuna watu wanatafuta ganda la aina nyingine, ambalo mwili wake haulijui. Miaka sita, saba. Pengine kumi."

Rosenie alijua hesabu ya mwili wa kaka yake. Kwa mwaka ule mmoja alikuwa amepungua kilo kumi na moja. Hakuwa na miaka kumi, wala sita. Aliaga kwa adabu, akaenda zake.

Alimwambia kaka yake jioni ileile, kwa sababu alijua akilala nalo hatalisema. Alimweleza kitaalamu kwanza, kisha akamweleza kama dada. Uso wa Jovencio ulikuwa unajikunja na kujikunjua, lakini uso wake siku hizo ulifanya hivyo hata akiwa anasikiliza redio. Alinyoosha mkono kuomba kitaulo.

"Basi, Inday," alisema, akimwita dada mdogo kama zamani, kila neno likimgharimu. "Lazima mmoja... aanze. Nilichota moja."

"Ndiyo, Manong, kaka yangu."

"Ni Mungu. Mimi... sikujipangia."

Rosenie akamfuta mate kidevuni, akaenda kuosha vyombo. Alivifungulia bomba kwa nguvu, alie bila kusikika.

Huenda mambo yangeishia hapo, kaka akafa na faraja yake na dada akazeeka na siri yake, kama Bwana Ludovico angejua kukaa kwake. Lakini mtu aliyerudishiwa miguu hatulii. Jumamosi alikuja mwenyewe nyumbani kwao, amevaa shati la kanisani, na kisahani cha wali wa nazi alichofungiwa na mkewe. Akavuta kiti akakaa mbele ya Jovencio, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Pare," akasema, kwa wito wa marafiki, "nimechelewa miaka mitatu, nimekuja kukushukuru."

Jovencio alitoa sauti iliyokuwa kicheko.

"Usicheke, nasema kweli. Ile siku ya kopo nilikuchukia. Haki ya Mungu, kama ningekuwa na nguvu ningekupiga. Nilipochota tano nilienda chooni nikalia kama mtoto, mke wangu akaja kunigongea. Nikamwambia, kila kitu wanapata watu wa mjini. Yule dada yake ni nesi, unadhani nini?" Alimgeukia Rosenie, akatabasamu kwa aibu. "Nisamehe, Nesi. Nilikudhania mabaya."

Rosenie alikuwa amesimama karibu na jiko, anakoroga uji. Mkono wake uliendelea kukoroga.

Jovencio akaomba kitaulo. Ludovico, aliyewahi kuwa na cha kwake, alimpa kwa haraka na kumsubiri bila kumsaidia maneno, jinsi wajuao wanavyosubiriana.

"Tano... ilikuwa yako, Pare. Moja... yangu. Mkono wangu... ulichota."

"Mungu ni mjuzi wa kugawa," alisema Ludovico, na machozi yakamtoka waziwazi. Akauchukua ule mkono uliopinda, wenye kovu la kisu kiganjani, akaupeleka kwenye paji la uso wake kama tunavyofanya kwa mikono ya wazee. Walikuwa wamepishana miezi minane tu kwa umri.

Alipoondoka, Rosenie alipakua uji wa wali uliosagwa na samaki, akaupuliza, akaketi kwenye kiti kilekile kilichokuwa bado na joto la mgeni. Ilikuwa saa sita mchana. Nje watoto wa jirani walikuwa wanaimbisha mashine ya karaoke ambayo haikuwa na mtu wa kuikemea. Alimpa kijiko cha kwanza, akakipandisha kidevu kwa kidole gumba, Jovencio akameza. Alimpa cha pili. Uso wa kaka yake ulikuwa umetulia kuliko siku nyingi, na ni utulivu huo ndio uliomshinda. Alikuwa radhi kumwona anateseka. Kumwona amefarijika kwa uongo wake, hapana.

"Manong," akasema, "namba moja niliiweka mimi."

Jovencio alimtazama.

"Sikuitia kwenye kopo. Niliibana vidoleni. Ulipochota nikakupokonya cha kwako nikakunjua changu. Niliogopa dawa itaisha. Niliogopa watafungasha waondoke kabla hawajakufikia, kama ule mchele. Nilitaka upate wewe kwanza, hata kidogo. Sikujua kwamba kidogo kitafunga njia. Hapana, nilijua. Nilisoma mwenyewe kwa mdomo wangu, sikutaka kujua."

Aliyasema yote kwa mkupuo, kijiko kikiwa hewani. Jovencio akanyoosha mkono. Rosenie akampa kitaulo.

"Nilichota... ngapi?"

Hilo ndilo swali alilokuwa ameomba asiulizwe. Angeweza kusema tisa, kumi na moja, namba yoyote. Bado uongo ulikuwa karibu na mkono wake kuliko hicho kijiko.

"Tano."

Jovencio aliugeuzia macho mkono wake wa kulia, ule aliokuwa amewaonyesha wafunga visu uwanjani, ule ambao Ludovico alikuwa ameuinua nusu saa iliyopita na kuuweka kwenye paji la uso wake. Ulikuwa umejikunja juu ya paja, unatetemeka. Aliutazama kama kitu alichoachiwa na mtu mwingine.

Rosenie alingoja matusi. Aliyataka. Tangu utotoni kaka yake alikuwa bingwa wa matusi, aliweza kuwatukana watu watatu bila kurudia neno, na kama angemtukana sasa, dada mtu angejua pa kuanzia. Angelia, angepiga magoti, wangelia wote wawili. Lakini matusi yanahitaji ulimi. Jovencio alihangaika na taya lake, akauma kitaulo, kikamponyoka, akakiuma tena. Shingo ilimvuta kushoto, kwa dada yake. Akajaribu kuirudisha kulia, upande wa dirisha, ikakataa. Hata kumpa kisogo hakuweza.

"Hukuniuliza," akasema hatimaye.

"Sikukuuliza."

"Ningesema... nangoja."

"Najua, Manong."

Akapumua. Mate yalimtiririka hadi kwenye kola, na kwa mara ya kwanza Rosenie hakuthubutu kumfuta. Neno la mwisho lilimchukua muda mrefu kuliko yote. Alilianza mara tatu, na mara zote tatu taya likamkatikia njiani.

"Usinilishe," akasema.

Kitaulo kikaanguka sakafuni. Taya likashuka, mdomo ukabaki wazi, mpana, mbele ya kijiko. Macho yake yalikuwa yanamwambia dada yake neno lilelile alilotoka kulisema, na mdomo wake ulikuwa unamkana, uko wazi kama wa kifaranga, kwa sababu mdomo huo haukuwa wake tena. Alijaribu kuufunga. Rosenie aliona misuli ya shavu ikijikaza, ikitetemeka, ikishindwa.

Kwenye bakuli kulikuwa na vijiko kumi na vinane, au ishirini. Asubuhi alikuwa amekunywa maziwa nusu kikombe tu. Lorna alikuwa mbali, jirani hawezi, na nesi yeyote angekuambia kwamba mtu aliyepungua kilo kumi na moja akikosa mlo mmoja leo, kesho hana nguvu za kumeza mwingine. Rosenie aliyajua hayo yote. Alijua pia alichoambiwa. Alikaa na kijiko mkononi mpaka uji ukaanza kufanya utando.

Kisha akaweka kidole gumba chini ya kidevu cha kaka yake, mahali pake pa siku zote, akaingiza kijiko, akapandisha. Jovencio akameza, machozi yakimshuka hadi masikioni, na mdomo ukafunguka tena.